Hawa, Serikali Inaulizia Zamu Yako ya Mchezo

Mke wangu Hawa,

Huko uliko nadhani habari zimeshakufikia kwamba mumeo sasa ni mtu mkubwa. Serikali ya Uingereza inaniandikia mimi, kwa jina langu kamili, na bahasha inaletwa mpaka mlangoni. Wanaume wangapi waliotoka Muheza wanaandikiwa na serikali ya mfalme? Wenzangu hapa Lewisham wanaandikiwa na watu wa gesi tu. Mimi wa darasa la saba, ambaye mwalimu mkuu alilia siku nilipoacha shule, ndiye ninayeulizwa mambo mazito, na bila maelezo yangu faili lao haliendi mbele wala nyuma. Vijana wote wa hapa wananiita Mjomba, na hakuna harusi wala msiba unaoanza kabla sijakaa.

Ungekuwepo ungesema, "Haya Shabani, sasa soma hiyo barua, wanataka nini." Ndiyo maana nakuandikia. Wanataka kujua habari ya pesa.

Unaikumbuka safari yetu ya kwanza ya mambo haya. Ulikuwa umeshaacha kazi ya kulea wazee kwa ajili ya kifua, mimi nafagia sokoni kwa zamu za kubahatisha, na viza yangu ya ndoa inakaribia kwisha. Ada ilikuwa ya kutisha. Ukasema tuombe msamaha wa ada. Nikakasirika, nikasema mimi sijamkosea mtu London hii, nitaombaje msamaha. Ukavaa koti lako la kijani, ukaniambia, "Mume wangu, kuwa maskini leo tu mbele za watu. Tukirudi nyumbani utakuwa tajiri tena."

Tukapanda treni mpaka Southall, kwa yule mama wa Kihindi anayesaidia watu na makaratasi. Akauliza kwa Kiingereza tunaishije, tunakula nini. Nikadhani Kiswahili atakijulia wapi, nikakugeukia wewe: "Mwambie sisi nyama ni kila siku, na kwetu nina shamba la michungwa, ndege akilivuka lazima atue katikati apumzike." Wewe ukamtafsiria kwamba tunakula wali na maharage. Yule mama akavua miwani.

"Mzee," akasema, "mimi nimezaliwa Nakuru. Hiyo michungwa tuandike ama tuache?"

Hawa, ulicheka mpaka ukashika kifua. Nilikuona umeinamia meza, mabega yanatikisika, nikacheka na mimi, na yule mama naye. Njia nzima ya kurudi ukawa unaniuliza kama ndege ameshatua. Walitukubalia, viza ikaja. Kisha ukaondoka wewe mwenye pasipoti yao, nikabaki mimi wa viza.

Nyumba haijakubali. Kanga yako bado inaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Hita ikianza kupata moto, lile pindo linatikisika, taratibu, kama mtu anayejifunga kabla ya kutoka. Najua ni joto. Mtu aliyepambana na chui kwa mikono mitupu hawezi kuogopa nguo. Najua na wewe utasema, "Huyo chui mwaka juzi alikuwa paka." Lakini huwa nasimama, nangoja itulie, ndipo nipite. Chai naichemsha na tangawizi nyingi, vile ulivyotaka, na mimi mwenyewe tangawizi siipendi. Sokoni nikiona koti la kijani mbele yangu naongeza mwendo. Nikilifikia ni mtu mwingine, naye ananiangalia kana kwamba nimemwita. Pengine huwa nimeita.

Yule mama wa Southall ndiye aliyeniambia kwamba mtu aliyefiwa na mwenzake anaweza kuomba kubaki hapa moja kwa moja, kwa ndoa ile ile. Kwa hiyo ndoa yetu bado iko kazini, Hawa, wewe ndiye uliyelala. Ada ya hiyo ni kubwa kuliko ile ya mwanzo, nikaomba tena wanisamehe. Wasiponisamehe sina pa kuitoa, na muda wangu ukipita ni kufunga mizigo. Nikirudi Muheza, utabaki peke yako kule makaburini, karibu na ule ukuta, kwenye udongo unaoshika maji, na hakuna atakayekuja kukusemesha kwa Kibondei. Hilo ndilo linaloniamsha. Kurudi kwetu sikuogopi. Naogopa kukuacha kwa wageni.

Sasa serikali imeona kwenye karatasi za benki kwamba pesa nyingi ziliingia kwa mkupuo.

"Mzee, hii pesa mingi imetoka wapi?" mama akaniuliza.

Nikamwambia nimeuza ng'ombe.

"Ng'ombe za wapi?"

Nikasema za nyumbani, kuna waziri mmoja alikuwa anadaiwa na marehemu baba, akaona aibu akaninunulia zizi zima.

Akaweka kalamu chini. "Nikiandika hivyo, watasema una mali, ulipe. Hiyo ng'ombe itakurudisha kwenu."

Kwenye dirisha lake palikuwa na chungu cha mrehani, nikawa nakitazama kile chungu, maana niliona kwamba nikisema kweli nitadharaulika, na nikisema uongo nitakuacha.

Nikamwambia ni mchezo wako. Ule mchezo wa pesa mnaochanga akina mama kila Jumapili kwa Mwajuma, kila mmoja anatoa kidogo, kisha zote anapewa mmoja, zamu inazunguka. Tulipotoka kukuzika, Mwajuma, kijumbe wenu anayekusanya pesa, alinivutia jikoni akaniambia, "Shemeji, nafasi ya Hawa haifungwi. Zamu yake bado iko mbele. Njoo ucheze wewe." Nikacheza. Zamu yako ilipofika wakaiingiza kwenye akaunti yangu, maana yako ilishafungwa. Wiki ile ile ikatoka yote, ikaenda kwenye jiwe lenye jina lako. Hizo ndizo pesa za waziri.

Yule mama hakucheka. Aliandika polepole, akataka Mwajuma athibitishe kwa maandishi, na risiti ya jiwe. Halafu akauliza, "Na mpaka sasa bado unacheza?" Nikamwambia huwa napitia pale mara moja moja kuwashauri akina mama mambo ya uchumi. Akaniangalia kwa juu ya miwani, akaliacha hilo lipite.

Majibu yetu yameshakwenda. Nangoja. Wewe usihangaike kuja mpaka mlangoni, nitakuja mimi Ijumaa na mkasi wa majani, nikueleze wamesemaje. Pumzika, mke wangu.

Ila wewe siwezi kukudanganya kwa habari ya ushauri wa uchumi. Kila Jumapili nakaa kwenye zulia la Mwajuma katikati ya wanawake, viatu vyangu vikubwa viko mlangoni na ndara zao. Mwajuma hajabadilisha jina lako kwenye daftari. Anaita mmoja mmoja, na akifika kwako anaita "Da Hawa" bila kumtazama mtu. Siku ya kwanza wote waliinamisha vichwa, na mimi sijui niliogopa uitike au usiitike. Nikawahi nikaitika mimi. Tangu siku hiyo ni mimi ninayesema "Nipo", na huwa ninaisema kwa sauti nyembamba, kama yako.

Mumeo,
Shabani