Wageni Elfu Sitini wa Chepkirui

Jelimo, kitendawili! Sema tega haraka. Wageni elfu sitini wameingia jikoni kwangu, na kibuyu changu cha maziwa bado kimejaa. Ni nani hao?

Ni watazamaji wa Chepkirui wetu! Kigen, mjukuu wake anayesomea Urusi, alimrekodi akisugua kibuyu kwa makaa kabla ya kutia maziwa yagande yawe mursik, akaiweka video kwenye mitandao ya Warusi. Kila Jumapili anamtumia nyanya yake hesabu: "Kogo, mtandao wa vijana ni elfu ishirini. Ule wa watu wazima ni elfu arobaini, wengi ni akina mama wa umri wako."

Umri wake, Jelimo! Si alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa wageni elfu sitini?

Sasa leo Kigen amefika Kitale, likizo. Mimi nilikuwa hapo jikoni nikimsaidia kusonga ugali. Chepkirui akammiminia maziwa, akauliza, "Hao mama wenzangu wanasema nini?"

Kijana anajibu ati hesabu imepanda.

"Sijauliza hesabu. Wanasema nini?"

Ati asilimia sabini ni wanawake. Asilimia! Nilitaka kumrushia mwiko.

Chepkirui akaketi polepole. Alikuwa amefunga kile kitambaa chake cha Krismasi, ati arekodiwe tena awape salamu. Akauliza mara ya tatu.

Kigen hakugusa kikombe. "Wanacheka, kogo. Wanauliza kama ni njaa inatufanya tule makaa."