Kilichoonekana Nyuma ya Sosaia

Neiafu, Vava'u, Tonga
Jumapili jioni

Mdogo wangu Ofeina,

Pokea salamu za dada yako. Natumai hujambo, na shemeji na watoto wazima. Goti lako linakusumbua bado? Sisi tupo, viazi vikuu tumechimba vizuri. Mimi ni presha tu na kukosa usingizi. Mwandiko wangu univumilie, shule unajua niliishia wapi. Barua anakuletea mke wa mchungaji, anasafiri kesho kuja huko kwenu Australia. Simu siwezi, maana simu ninayopigia ni ya jirani yangu Lavinia.

Ya Sosaia umeyasikia. Tangu atoroke lile shamba la zabibu huko alikopelekwa kuchuma, sina amani. Semisi, afisa wetu wa kijiji, ametangaza kanisani kwamba Sosaia asipopatikana kufikia Ijumaa, vijana wetu wote waliokuwa waende kuchuma mwaka huu hawatachukuliwa. Mabegi wameshafunga. Mtoto wa Lavinia yumo.

Na huyu mwanangu, badala ya kunyamaza, yuko mtandaoni kila siku! Anaokota vituko vya watu huko, anajirekodi akivitolea maneno. Leo baada ya ibada tumejazana kuitazama simu ya Lavinia. Kulikuwa na mbwa anayekataa kuogeshwa, Sosaia akasema mbwa huyo ana msimamo kuliko wanaume wote wa Vava'u. Ukatoka wimbo mpya, akasema mwimbaji analia kama kabanwa kidole na mlango. Watu hoi kwa kicheko. Mara Semisi akasema, "Haya, basi. Isimamishe hapo. Nyuma yake kuna nini?"

Vichwa vyote vikaiinamia simu. Kijana mmoja akanirushia, "Mama Sosaia, mwanao kawa nyota, sisi tutakula nyota?" Wakaniuliza kama naitambua nyumba ile. Nikasema siitambui. Semisi akasema hata wewe amekupigia simu kukuuliza, ukaapa hujamwona Sosaia.

Ofeina, ukutani nyuma yake kuna mkeka. Ukingo wa sufu ya kijani, kona moja zambarau, kwa sababu kijani iliniishia. Ni mkeka wa harusi yako. Tuliusuka mimi na Lavinia.

Njiani, tulipobaki wawili tu, ndipo Lavinia akaniuliza polepole, "Shoga, ule mkeka wetu wa kona ya zambarau uko wapi siku hizi?" Nikamwambia tulimzika nao mama. Ndiyo, nilitamka hivyo. Na Lavinia ndiye aliyemfunga mama kwenye mikeka ya kuzikiwa, kwa mikono yake mwenyewe; anajua ule haukuwemo. Alinishika mkono mpaka mlangoni kwangu, akaenda zake. Lavinia hajamwambia Semisi. Ananingoja mimi.

Sikulaumu kumficha, wewe pia ni mama yake. Kama kuna aliyemtesa shambani, aseme, nitasimama naye mbele ya kijiji kizima. Ila ampigie Semisi yeye mwenyewe. Mkeka msiuondoe, haitasaidia. Alhamisi jioni, kama hajapiga, nitakwenda kwa Lavinia nimwambie mkeka uko kwako.

Nibusie watoto. Shemeji mwambie namwombea. Na Sosaia mwambie yule mbwa alinichekesha hata mimi, Mungu anisamehe.

Dada yako akupendaye,
Kalolaine