Wali wa Mwaka wa Baba Ganapayya

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipokataa kahawa, ukaomba maji ya mto, ukageukia ukuta na kutuacha. Mipopoo ya nyuma ya nyumba imezaa sana msimu huu. Tumemenya popoo wiki tatu, na hapakuwa na mtu wa kutusimamisha kazi kwa maswali.

Maana ndivyo ulivyofundisha. Wengine wana vitabu. Wewe ulikuwa na kisu kilichofungwa kwenye ubao na kapu la popoo. Ulitoa ganda huku ukisema, "Mwili huu nauona, basi mimi si mwili. Hasira hii naiona, basi mimi si hasira. Sasa anayeona ni nani?" Kisha ulitema tambuu uani na kutabasamu kama mtu aliyeficha kitu mkononi.

Ulikuwa mpole. Ng'ombe alipokula shuka lako la ibada hukumpiga. Ulisema naye amechoka kuwa ng'ombe.

Lakini mafundisho yako ulimpa Shridhara. Alikuja kutoka ng'ambo ya mlima na mkeka wake, na kwa kuwa hukujaliwa mtoto wa kiume, ukamfanya wako. Miaka sita alikaa nawe barazani kila alfajiri, huku binti yako Nagaveni, aliyetolewa shule darasa la nne Mama alipoumia mgongo, akisugua masufuria upande wa pili wa ukuta. Shridhara ndiye aliyepakuliwa kwanza. Nagaveni aliitwa chumvi ilipopungua.

Ulijua, Baba, kwamba alikuwa akimwonea wivu? Maziwa aliyoyaunguza makusudi yalikuwa ya Shridhara, si yako. Siku moja alijikaza, yeye asiyethubutu hata kumtazama muuza bangili usoni, akakuuliza, "Mbona mimi hunifundishi?"

Ukasema, "Nani anauliza?"

"Mimi, Baba, nani mwingine? Nipishe, wali unafurika."

Ulicheka siku nzima. Ukamsimulia Shridhara, naye akacheka. Hicho kicheko cha wawili ndicho kilichompeleka Nagaveni nyuma ya zizi kulia.

Shridhara ndiye aliyewasha moto uliouteketeza mwili wako. Na siku ya kutimiza mwaka, ndiye aliyetegemewa kukutolea matonge ya wali kwa kunguru, wanaopokea kwa niaba ya wafu, kama mtoto wako. Nagaveni alianza kupika mapema, akijua kwamba hata siku hiyo utalishwa na mkono ule ule.

Akaja. Kichwa kimenyolewa, fimbo mkononi, mwilini vazi la mtawa la rangi ya udongo mwekundu. Mjomba Timmanna, anayetuongozea ibada, alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Umelivaa lini vazi hili?"

"Mwezi uliopita, Mjomba. Barua ya Mama ilinikuta nimeshavaa."

"Na ulipovaa, ulijifanyia ibada ya mazishi yako mwenyewe, au uliiruka?"

"Nilijifanyia."

"Basi wewe ni marehemu. Marehemu atamlishaje marehemu mwenzake? Huna baba tena, huna ukoo, huna hata mkono wa kushika wali. Umefuata nini hapa, bwana?"

Shridhara alitazama miguu yake. "Sikufikiri, Mjomba. Nilimkumbuka tu, nikaja."

Miaka sita ya kusoma kwamba yeye si mwili wala jina, akaja kuteleza hapo. Jua lilikuwa linafika utosini, kunguru wamejaa paani. Mama akasema kutoka kwenye nguzo aliyoegemea, "Nagaveni atatoa."

"Msichana, Dada?"

"Una mwingine? Au kunguru watauliza ni mkono wa nani?"

Mjomba alinung'unika, lakini akamvisha Nagaveni pete ya majani kidoleni. Nagaveni alifinyanga matonge matatu, akayaweka uani. Kunguru hawakungoja hata Mjomba amalize maneno yake.

Baadaye alimpelekea Shridhara chakula barazani, akamwandalia kwenye jani la mgomba. Akauliza bila kuinua macho, "Baba alikuwa akisema nini juu yangu?"

"Hakusema. Alikuwa akipaza sauti."

"Sauti gani?"

"Nilikaa karibu naye kiasi cha kugusana magoti, dada. Kulikuwa na haja gani ya kunipigia kelele? Siku moja nikamwambia, Mwalimu, mimi nasikia. Akanijibu, nyamaza wewe, masufuria yamenyamaza. Ukiacha kusugua, aliendelea. Ukianza tena, alirudia pale pale. Miaka sita somo limepita juu ya kichwa changu kwenda jikoni. Unadhani sikuona wivu?"

 Nagaveni alimwongezea samli, akaingia ndani.

Tusikudanganye, Baba: wivu wake haujaisha. Umehama tu. Sasa anaona wivu kwamba Shridhara aliuona uso wako ulipokuwa ukiyasema hayo, na yeye aliuona ukuta. Lakini wivu ukimjia, anauacha ukae mbele yake, anautazama, na anatafuta ni nani anayeutazama. Hajampata. Amebaki kutafuta, na wali umeshaungua mara mbili.

Mama alitaka waandikwe katika tangazo hili la kumbukumbu wote wanaokukumbuka. Jina la Shridhara, Nagaveni, ambaye ndiye anayeandika, aliliruka katika karatasi ya kwanza, na katika ya pili. Hii ni ya tatu.

Unakumbukwa na mkeo Parameshwari, shemeji yako Timmanna, dada yako Gangamma na wajukuu zake, wamenyaji wote wa popoo, na Shridhara, ambaye kwa sheria ya vazi lake si ndugu wa mtu yeyote, lakini ni wa nyumba hii. Na binti yako Nagaveni.

Haitafika siku ya kukusahau.