Kidonge cha Sukari, Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 5 Julai

Raundi, damu, fomu, raundi tena. Barakoa imenichimba mfereji juu ya pua. Wodi ya korona imejaa.

Leo nimeandikisha mgonjwa mmoja kwenye utafiti. Mama Nyaboke, mchuma chai kutoka Nyamira, yuko kwenye oksijeni, kitanda cha dirishani. Nilimweleza kwa Ekegusii, polepole. Kuna kidonge cha wagonjwa wa kisukari. Kinaitoa sukari mwilini kupitia mkojo. Kimewalinda wengi moyo na figo. Hatujui kama kitawafaa waliolazwa kwa korona. Kompyuta ndiyo inayochagua nani apewe, nani asipewe. Ukikimeza, usikae njaa.

"Lakini mimi sina sukari," akasema.

"Najua, mong'ina," nikasema, kama tunavyowaita kina mama wazee. "Tunataka kuona kama kina kazi nyingine."

"Ah. Kama jembe kumuua nyoka."

Alicheka, akakohoa sana, akatia sahihi. Kompyuta ikamchagua. Nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi, kana kwamba kidonge ni changu.

Jumatano, 7 Julai

Oksijeni yake ileile. Haijapanda, haijashuka. Kwa ugonjwa huu nashukuru.

Aliniambia wanawake wa kanisa lake wamefunga wakimwombea, mpaka Ijumaa jua likizama, Sabato ikiingia. Alisema kwa fahari. Nikamwambia mbuya mono, vizuri sana, nikaenda kitanda kingine.

Mama yangu alipiga simu kutoka Suneka kuuliza kama ninakula. Nimekula mkate.

Alhamisi, 8 Julai

Mama Nyaboke ametapika. Tumbo linamuuma. Pengine korona, pengine kidonge. Silipendi neno pengine.

Sahani zake zinarudi tupu. Muuguzi ameandika: anakula vizuri.

Ijumaa, 9 Julai

Nimeketi chumbani kwangu Nyanchwa na sijavua viatu. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi alikuwa akihema kama aliyepanda kilima mbio. Daktari mkuu wa wodi alitazama kutoka mlangoni, akasema mapafu yanashindwa, tuandae chumba cha mahututi na mashine. Nikatazama kipimo kidoleni. Oksijeni ileile ya jana. Mapafu yakishindwa, namba ile hushuka. Haikushuka. Basi anakimbizwa na nini?

Nikapima sukari. Sawa kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa. Tulionywa kuhusu kidonge hiki: mtu akikimeza na tumbo tupu, mwili huanza kuchoma mafuta, damu huwa na asidi, na sukari hubaki sawa ikimdanganya kila mtu. Lakini huyu anakula. Imeandikwa.

Nikauliza kwa sauti, sijui nilikuwa namuuliza nani: chakula chake anamaliza mwenyewe?

Jirani yake, Mama Achieng', mwuza omena anayekaribia kuruhusiwa kwenda nyumbani, akaanza kucheka, kisha akaacha. "Daktari, hiyo sahani ni mimi namaliza. Tangu Jumanne. Nilidhani Wakisii ni wakarimu tu."

Nikaukumbuka mfungo. Mkojo ukapimwa. Kijiti kikageuka zambarau iliyokolea: asidi tele. Daktari mkuu alikitazama, akanitazama, akasema, "Simamisha kidonge. Dripu ya sukari na insulini. Sasa." Hakubishana. Nilikuwa nimejiandaa kubishana.

Kumbe kazi ngumu haikuwa hiyo. Mama Nyaboke aliuona mfuko wa dripu, akauvuta mkono wake.

"Hayo maji yana chakula?"

Nilitaka kumdanganya. Nilitaka sana.

"Yana sukari, mong'ina."

"Basi ngoja jua lizame."

Jua lilikuwa bado halijafika katikati ya mbingu. Nikamwambia atakufa. Nilisema neno hilohilo, bila kulipamba. Akanijibu kati ya pumzi na pumzi: "Wenzangu wakae njaa kwa ajili yangu, na mimi nile? Nitawatazama vipi?"

Ningeweza kusema amechanganyikiwa, tumshike mkono tumchome. Hakuwa amechanganyikiwa. Aliona haya. Na mimi ndiye niliyempa kidonge.

Nikampigia mkwe wake, naye akanitafutia Mama Kemunto, kiongozi wa maombi, rafiki yake wa tangu usichana. Nikaeleza. Kisha akasema nimwekee simu sikioni. Sikuhitaji kuiweka kwa sauti, wodi nzima ilisikia.

"Nyaboke! Wewe kichwa kigumu tangu darasa la pili! Nani alikwambia ufunge? Mgonjwa ni wewe! Sisi tumefunga ili wewe ule! Sasa ukifa, mimi nimekaa na njaa hii ya bure?"

Mama Nyaboke akafumba macho. Nilidhani tumempoteza. Kumbe anacheka, bila pumzi ya kuchekea.

Akanyoosha mkono.

Jumamosi, 10 Julai

Pumzi zinatulia. Asidi inapungua. Potasiamu ya damu iko sawa. Sijaenda kanisani. Nimelala mchana kutwa kama gogo.

Jumapili, 11 Julai

Nimejaza taarifa ya madhara ya dawa. Nimeandika yote, pamoja na mfungo. Daktari mkuu aliuliza kama nataka kuacha kuandikisha wagonjwa. Nikasema sijui. Nina hasira na kidonge, jambo la kijinga. Kidonge kilifanya kazi yake ileile ya siku zote.

Jumanne, 13 Julai

Ameomba uji wa wimbi, akalalamika ni mwepesi. Bado yuko kwenye oksijeni, kidogo kuliko jana. Kama kile kidonge kingemsaidia mapafu, sitajua kamwe. Mtu mmoja hajibu swali. Wanahitajika wengi.

Alhamisi, 15 Julai

Mgonjwa mpya, mwashi kutoka Masimba. Nilimweleza kuhusu kidonge. Kabla ya sahihi nikamuuliza kama kuna watu wanaofunga kwa ajili yake.

"Mke wangu na dada zangu."

"Na wewe?"

Akaitazama sahani yake, haijaguswa.

Nikavuta kiti. Viazi vilikuwa vimepoa. Alikula taratibu, na mimi sikuwa na haraka.