Fenesi Limeiva

Jumamosi, Mombasa

Na mpaka sasa gauni langu linanuka fenesi.

Mama alilipakata tangu Kisarawe, limefungwa kanga, kwa ajili ya dada Zuhura. Mimba imemfanya ayakatae mafenesi yote ya huku; anataka la mti wetu wa Masaki ya Kisarawe tu.

Mpakani Horohoro ofisa akauliza kama tuna chakula kibichi. Mama akajibu bila wasiwasi, "Kibichi hakuna, baba. Kilichopo kimeiva."

Ofisa akadhani kimepikwa, mpaka kanga ilipofunguliwa. Alicheka akaegemea meza. "Mama, hata lililoiva halivuki bila kibali."

Nilikasirika. Si nilimwambia tuulize kwanza? Mama hakubishana. Akalipasua pale nje, abiria wakala, nami nikala huku nimenuna. Tamu, jamani!

Njia nzima niliwaza tutamwambia nini Zuhura. Mlangoni akabusu mkono wa Mama, akasita, akaunusa tena.

"Shikamoo Mama. Fenesi liko wapi?"

"Marahaba. Muulize mdogo wako. Kalila lote."

Zuhura akacheka mpaka mtoto tumboni akapiga teke.