Kitambaa Cheusi Nyuma ya Namba Tisa

Mikinduri,
Jumatano

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Mgongo unaendeleaje tangu uache kubeba majani chai? Kama bado unabeba, usiniambie, niliyo nayo yananitosha. Je, mvua imefika Kanja? Huku imenyesha kidogo tu, vumbi bado linatuingia machoni. Mimi mwili ni mzima na ninakula, lakini nina hofu, mama, na sijui nimwambie nani mwingine.

Najua Nyaga ameshakusimulia ya Jumapili kwa njia yake. Atakuwa amekuambia jinsi timu yao ya Manyatta ilivyotufunga moja bila hapa hapa kwetu, na jinsi yeye, kitinda mimba wako, alivyolitia bao hilo kwa kichwa. Ni kweli. Sasa sikia upande wangu.

Unanijua mimi na mpira. Tangu nifungue duka la ushonaji hapa, hakuna mechi ya timu ya Mikinduri iliyonipita, na namba za jezi zao nazishona mimi. Nilipomwona Nyaga akishuka na wenzake asubuhi ile nilimwambia, "Leo mtarudi Embu mkilia." Na sikuwa natania. Nilikaa na akina mama wa sokoni, nikaimba hadi sauti ikakauka. Kipindi cha kwanza tuliwabana vizuri. Kisha tukapata penalti, na Kirimi, namba tisa wetu ambaye hajawahi kukosa, akaupaisha mpira hadi kwa mahindi ya watu. Baadaye goti likamgeuka, akatolewa nje mabegani mwa wenzake. Nilitaka kulia.

Mechi ikiwa karibu kuisha, Manyatta wakapiga kona na Nyaga akaruka. Mama, sikujua ninafanya nini. Mpira ulipoingia wavuni mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikapiga ngemi, vile vigelegele vyetu vya kumpokea mtoto wa kiume, vyote hadi cha mwisho. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Ni mimi peke yangu niliyesikika.

"Wanjira," Mama Kinya, anayeuza miraa karibu na duka langu, akaninong'oneza, "kwani wewe ni wa wapi?" Akanifunika kichwa kwa leso yake na kunitoa pale kabla wanaume hawajazinduka.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Dada akishangilia ndugu yake atasamehewa, watu watamtania mwezi mzima na yatakwisha. Lakini Jumatatu mwenyekiti wa timu alikuja dukani na vijana na gunia la jezi. Walikuwa na nyembe. Wakazimwaga mezani, wakaanza kufumua namba moja baada ya nyingine wakitafuta dawa ya kuwaroga niliyoficha. Mimi nilikuwa nacheka, mama. Nyuma ya kila namba huwa naweka kitambaa kigumu cheupe ili isijikunje, na ndicho walichokuta. Nikawaambia wakimaliza watakaa kwenye cherehani wazishone wenyewe. Halafu wakafumua ile ya tisa.

"Na hii? Mbona hii ya Kirimi ni nyeusi?"

Ndipo nikakumbuka. Kile cheupe kiliniishia nikiwa nimebakisha jezi moja, nikaokota kipande chochote kilichokuwa miguuni pangu.

"Ni kipande tu kilibaki," nikasema.

"Kipande cha nini?"

Ungekuwa karibu ungeniziba mdomo. "Cha gauni la mjane," nikasema. "Lile la mazishi."

Mwenyekiti aliiangusha ile jezi kama imemchoma. Hakuna aliyenipiga, hakuna hata aliyenitukana. "Wanjira, si tumekula na wewe hapa?" akaniuliza, na wakatoka. Afadhali wangenipiga.

Tangu hapo wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao hata sijavikata. Jana mabati yangu yalipigwa mawe mchana kweupe na soko zima likajifanya halijasikia. Goti la Kirimi limevimba, amelazwa, na mama yake akipita hapa mbele anatema mate chini na kuvuka upande ule mwingine. Kila nikisikia miguu mlangoni nashika mkasi. Kibaya zaidi, nimeanza kujiuliza kama kweli kitambaa kinaweza kumdhuru mtu. Ningekuwa hapo jikoni kwako ningejicheka. Hapa peke yangu siwezi.

Wazee wameniita Jumamosi nile kiapo cha beberu. Unakijua: unampiga mbuzi huyo kwa jiwe hadi mifupa yake ivunjike, huku ukisema kama nimedanganya nami nivunjike hivi. Mchungaji ameniambia nikikigusa nisikaribie tena meza ya Bwana. Wazee nao wanasema asiyeapa amekubali kosa. "Apa tu, dada," Mama Kinya ananiambia. "Ukweli iko na wewe, sasa unaogopa nini?" Nimeamua nitaapa, kwa sababu nikikimbia nitaitwa mchawi hadi nife, na Nyaga hatacheza tena upande huu akarudi salama. Tafadhali usimwambie. Kile kichwa chake nakijua, atakuja kunitetea.

Nisalimie nyanya, na mjomba wa kule kiwanda cha majani chai. Mke wa kaka, mwalimu wetu, mwambie sare za watoto ziko tayari, ila sina wa kuzileta. Niombeeni wote, lakini usiwaeleze ni kwa nini.

Mama, wazee wamesema nitaapia mambo mawili. La kwanza, kwamba kile kitambaa sikukiweka kwa ubaya. Hilo nitaliapia hata mara kumi. La pili, kwamba moyo wangu haukufurahi Mikinduri iliposhindwa. Nimekaa na hilo tangu asubuhi, cherehani hata sijaigusa. Nilitaka washinde, Mungu anajua nilitaka. Lakini mtoto wako aliporuka pale, mama, sijawahi kufurahi vile maishani mwangu.

Mwanao anayekukumbuka,
Wanjira