Mume Wangu Anapima Upara Kama Kiwanja

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana kuna mlio hauniachi hata nikiwa kazini maktabani: tok, tok, tok, mchi ukigonga kinu changu cha kitunguu saumu, nami kitandani nilidhani mume wangu ananipikia kwa kuwa nina ujauzito wa miezi minne, kumbe anatwanga vidonge vya nywele ambavyo kinyozi wake aliandikiwa na daktari kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe, akaviacha bila kuvimaliza na kumpa mume wangu, na nilipomfuata kinyozi huyo akaniambia, "Shemeji, mimi viliniondolea hamu ya chumbani, lakini yeye ajaribu tu. Akipata upara nitamnyoa nini?"

Mume wangu ni mpima ardhi. Amechora ramani ya kichwa chake, ameibandika juu ya kitanda, na kila asubuhi mimi nashika utepe, yeye anasoma: "Mpaka wa mbele umerudi milimita mbili, mke wangu. Tumevamiwa!" Sijui kwa nini naushika. Labda naogopa nikicheka atajua kwamba nami nauona huo upara. Ule unga anauchanganya na mafuta, kisha mimi nampaka utosini. Nikisema tumuulize daktari, anajibu, "Yule ana nywele, hawezi kuelewa." Je, nakosea kuwa na wasiwasi?

JIBU: Mdogo wangu, hukosei, unachelewa. Vidonge hivyo vikisagwa, mjamzito hapaswi kugusa hata unga wake; unaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wa kiume. Nawa mikono, kinu kitoke jikoni, na leo hii mweleze mkunga. Utajichunguza nafsi baadaye!

Na wewe bwana mpima, najua unasoma. Dawa ya cheti haianzii kwa kinyozi. Daktari athibitishe kwanza kwamba ni upara wa kawaida, si ugonjwa. Mwambie kuhusu ini lako, tezi dume, dawa nyingine unazotumia, na kama umewahi kuzama kwenye huzuni. Muulize pia kuhusu hiyo hamu iliyompotea kinyozi wako, usione haya. Akikuandikia, unameza kidonge kizima, hupaki, na huchangii damu mpaka akuruhusu, isije ikaongezwa mjamzito mwingine.

Sikusubiri gazeti litoke. Nilimpigia dada huyu kwa namba ya kwenye bahasha, akapokea akihema:

"Mshauri, natoka kwa mkunga, ameandika kila kitu, wiki ijayo nitapimwa. Mume wangu nimemhamishia kwa mama yake mpaka amwone daktari. Begi nimembebea mwenyewe hadi mlangoni."